Kifungo cha Mfukoni

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje, na kile kikohozi? Mimi mzima, ila kazi hazinipi hata nafasi ya kukaa.

Picha ya eksirei uliyopigwa kwenye zahanati yenu imefika hapa hospitalini kwetu. Siku hizi picha za kifua zinasomwa kwanza na kompyuta. Ikitilia shaka kitu, inakizungushia duara jekundu, halafu daktari anaamua. Yako ilikuwa na duara upande wa kushoto. Roho ilinipaa! Kutazama vizuri, kidoa cha mviringo, pale pale penye mfuko wa shati. Nikamwambia daktari, "Huyu ni baba yangu, fundi cherehani. Tangu nipate akili hajakosa kifungo mfukoni." Akacheka, akalifuta duara. Basi usiwe na wasiwasi, maliza dawa ya kikohozi.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, ingawa kikohozi kimekuwa mpangaji asiyetaka kuhama. Samahani kwa kuchelewa kujibu, sare za shule zimenibana. Suruali zangu mwenyewe nimezipunguza kiuno mara mbili.

Nimewasimulia wateja habari za kompyuta iliyoogopa kifungo, wamecheka hadi basi. Ila hili lingine usiwaambie wenzako: yule mpiga picha alinivua shati, nikabaki na fulana yenye tundu mgongoni. Fundi mzima! Nilitamani ardhi inimeze.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekupigia simu tangu asubuhi, umeizima kama kawaida yako. Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Ulivua shati. Nimesoma mstari huo sijui mara ngapi. Kama shati lilikuwa limetundikwa msumarini, kifungo nacho kilikuwa huko huko, na kile kidoa kimo ndani ya pafu lako. Kompyuta haikukosea. Nimekosea mimi, na daktari aliniamini kwa sababu nilisema ni baba yangu. Wiki nne, Baba! Nimemrudia, nimemweleza yote mbele ya wenzangu. Anasema kidoa bado ni kidogo, huenda tumewahi, lakini haahidi chochote mpaka akupime. Nafasi yako ni Ijumaa asubuhi. Sikai, silali. Nakuomba, acha sare za watu uje. Nisamehe.

Binti yako

3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Basi la leo limejaa, nimekata tiketi ya kesho. Dereva anatangulia na barua hii ili upate usingizi.

Hofu ninayo, sitakudanganya. Jana nilipomaliza kuisoma barua yako nilishona mkono wa sare ndani nje, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Lakini sina cha kukusamehe. Ulinijua mno, basi.

Sare zilizobaki nimempa fundi jirani. Leo nimeshona kitu kimoja tu, shati jipya la kuja nalo hospitalini. Halina mfuko.

Baba yako