Udongo Niliowanyima Wenzako

Elisha, mjukuu wangu, mume wangu wa utani,

Naandika kwa mkono wangu. Shangazi yako alitaka nimtajie maneno aandike yeye, nimekataa. Darasa la nne langu linatosha kumgombeza mtu.

Tangu tukuzike, mvua imenyesha mara moja tu hapa Mvumi. Uwele nimeupanda peke yangu, ndege wanauchezea. Nikisonga ugali bado nakupimia na wewe. Halafu nakaa pale, nautazama kama mjinga.

Kwa nini hukuniambia vizuri? Ulinipigia simu asubuhi kutoka mjini, pikipiki zinanguruma nyuma yako. "Bibi, likizo hii tunaenda kutembea na wenzangu." Nikakuuliza, kwa nani? Kwetu mtu akienda kutembea kuna mlango anaoupigia hodi. Ukacheka. "Tunatembea tu, mke wangu. Tunapita kwenye ukame huko, tuone nchi." Nikakwambia kinachotembea tu ni mbuzi. Ukaanza, "Lakini bibi, kule Kolo..." Nikakata simu. Mtu mzima, ana kazi yake, anamaliza mafuta kwenda kutazama vumbi, kana kwamba la hapa kwetu limeisha!

Kesho yake wakaniambia mliacha lami, ukaangukia kwenye korongo la mchanga, pikipiki ikakulalia kifuani. Ukafia njiani wenzako wakikukimbiza hospitali.

Wale wenzako watatu walikuja kukuzika na nguo zilezile za vumbi. Aliyewazuia ni mimi, usimsingizie baba yako. Walipoinama wachote udongo wakutupie kama watu wengine, nikapiga kelele mbele ya mchungaji: "Mmempeleka mtoto wangu kusiko na mtu! Udongo wangu msiuguse!" Mmoja wao, Saidi, alikuwa ameshachota. Akafungua mkono taratibu, udongo ukamwagika pembeni, haukuingia kaburini. Wakaenda kusimama kule kwenye ua wa minyaa mpaka watu wakatawanyika.

Nikajiona nimekutetea.

Wiki iliyopita akashuka kwenye basi mwanamke amejitanda ushungi. "Shikamoo mama. Mimi mama yake Saidi, nimetoka Kolo." Nilitaka kumrudisha alikotoka. Akakaa chini bila kukaribishwa. "Mama, mwenyeji wao nilikuwa mimi. Nilichinja kuku, nikawatandikia. Nikakaa mlangoni nawasubiri mpaka chakula kikapoa." Akalia. Akasema ulimpigia simu mara mbili, unamuuliza umletee zabibu au karanga za bibi yako. Alichagua karanga. Saidi alizitoa kwenye begi lako akampelekea baada ya maziko. Hadi leo hajaweza kuzikaanga.

Elisha! Zile karanga nilizokupa nilidhani unawapelekea wa kazini.

Mdomo huu kugombana unaweza, kuomba radhi unakwama. Nikamwambia tu, "Mpigie mwanao aje. Na wale wenzake waje."

Walikuja jana, nikawapeleka kaburini mwenyewe. Saidi akasimama mbali, kama mtu aliyekuja kwa mkwe. Nikamwambia, "Wewe unasubiri barua? Chota!" Akainama. Jua limeukausha udongo, umekuwa kama tofali, akabaki anakwangua kwa kucha. Ikabidi nichukue jembe niwalainishie. Yule mrefu akataka kunipokea, nikamwambia aniache, wapanda pikipiki hawajui jembe. Akacheka huku analia. Mimi sikucheka. Nililima pale miguuni pako, Elisha, kama nalima shamba, mpaka pakawa laini, wakachota mikono miwili miwili, wakakuwekea. Saidi alikuita jina lako mara moja tu. Mimi nikashindwa hata hiyo moja.

Sijapoa, usijidanganye. Bado nakukasirikia kwa kuacha lami. Lakini najikasirikia mimi zaidi. Ulikuwa unanieleza, na mimi nikakata.

Sasa sikiliza, leo simu hukati wewe wala mimi. Uwele ukishaingia ghalani, nitapanda basi niende Kolo. Wale vijana niliwafokea mbele za watu, basi na mama yake Saidi nitamwomba radhi mbele za watu, majirani zake wote wasikie, hata mdomo ukwame mara kumi. Nimeshamwambia aniandalie pa kulala.

Lala sasa, mume wangu. Lala, mtoto wangu mzuri.

Bibi yako