Damu ya Mama Yako

3 Machi

Shikamoo Baba. Mgongo vipi? Mimi mzima, ila masomo ya uuguzi yananikaba.

Yule fundi cherehani anataka kuja nyumbani kuposa. Nimemwambia asubiri. Mwalimu alisema darasani kwamba kutotulia kwenye ndoa kunaweza kurithiwa kidogo, kama urefu. Tukacheka. Halafu nikamkumbuka mama. Watu walisema alikimbia na dereva wa lori, akarudi baada ya miezi sita. Ni kweli? Sitaki kumtesa mtoto wa watu kwa damu niliyorithi.

Binti yako

20 Machi

Marahaba mwanangu. Mgongo upo, unauma kama kawaida.

Mama yako ana miaka minne kaburini, mwache apumzike. Urefu uliuchukua kwangu, inatosha. Olewa. Nina matofali mia mbili ya kumwagia maji hapa saiti ya ujenzi, na jua ni kali.

Baba yako

11 Aprili

Shikamoo Baba. Natumaini umepata nafuu.

Hujanijibu. "Mwache apumzike" ni maneno ya mtu anayejua kitu. Fundi kashajishonea suti ya harusi, kaiacha bila vifungo, eti atavitia nikikubali. Neno moja tu, Baba: ndiyo au hapana.

Binti yako

2 Agosti

Mwanangu, hujambo? Mimi hivyo hivyo.

Hapana.

Mama yako alikwenda kwa dada yake. Alinifumania na mwanamke wa kantini ya saiti. Huyo dereva nilimtunga mimi. Wenzangu walikuwa wananiuliza mke yuko wapi, nikaona haya. Aliporudi akakuta mtaa mzima unalo hilo neno. Akaniambia, "Mdomo unao, siku ukitaka utasema." Sikusema mpaka tukamzika.

Kama ni damu, basi ni yangu. Lakini tangu arudi sikutoka tena nje ya ndoa, miaka kumi na tisa. Sijui mwalimu wako anasemaje hapo. Mimi najua matofali. Mchanga uleule, saruji ileile, usipolimwagia maji wiki nzima tofali linapasuka. Nilimwagia. Hata siku nilizochoka.

Mwambie fundi atie vifungo.

Baba yako

19 Agosti

Shikamoo Baba.

Fundi alivumilia mpaka Juni, nikamwambia asinisubiri. Jumamosi ameoa. Suti ileile. Ina vifungo.

Miaka yote hii nimekuwa namwogopa mama ndani yangu. Ungeandika Aprili, Baba.

Mtoto wa mama yake

7 Septemba

Mwanangu. Hali yako sithubutu kuuliza.

Leo saa ya chai nimesimama nikawaambia wote pale saiti: mke wangu hakukimbia na mtu, mkosaji ni mimi. Walikuwa kumi na mmoja. Wanaomkumbuka mama yako ni wawili, nao walitazama chini. Mmoja wa hawa vijana akasema, "Mzee, jua limekupiga, hebu kaa."

Nikakaa. Halafu tukaenda kumwagia maji.

Usipojibu nitaelewa.

Baba yako, kama bado