Ukwato wa Meza ya Kifaransa

Mama yangu,

Ile meza ya Kifaransa imepata mtu wa kuinunua. Ndiyo, ile ile yenye vigae vya kauri vya maua juu na miguu yenye kwato za mbuzi za shaba. Wewe umetutoka, yenyewe bado ipo kwa Mzee, kwenye karakana yake ya samani za kale hapa Jeppestown, Johannesburg. Siku hizi mimi ndiye ninayeifuta vumbi, kwa brashi yako laini.

Unakumbuka wiki yako ya kwanza pale? Mzee katoka, wewe ukaona shaba imefifia, ukaionea huruma. Ukachukua ndimu na majivu, ukasugua ukwato mmoja kama tunavyosugua dele la kahawa kwetu Tanga. Aliporudi alishika kichwa.

"Eish, Mama! Hiyo ilikuwa dhahabu!"

Nawe bila kupepesa: "Dhahabu gani inatoka kwa ndimu?"

Kumbe dhahabu yenyewe ni ngozi tu juu ya shaba, nyembamba kama utando wa maziwa. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Hakukufukuza, alikufundisha. Ila ukwato ule ulibaki mwekundu peke yake kati ya nne, ukauita "mbuzi wangu". Ukiwa na Asha wangu mgongoni, ulikuwa unainama ili auguse.

Sasa mnunuzi anataka kwato zote zifanane. Mzee kaniambia niupake dhahabu mimi. Nikiweza, nafasi yako ya kazi ni yangu. Mama, kazi naitaka sana. Lakini nikiufunika ule wekundu, mkono wako nitauona wapi tena? Kaburi liko Tanga, picha zimekwenda na simu niliyoibiwa Hillbrow. Nikawa nautazama tu.

Jana nilimtoa Asha shule, nikapita naye karakana. Si unajua watoto wa huku, namsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu. Akaingia moja kwa moja chini ya meza, akashika ukwato ule ule, si mwingine.

"Mbuzi wa bibi," akasema.

Kwa Kiswahili, Mama! Nikakaa sakafuni, nikamwomba aseme tena.

Kesho napaka. Juu na pande zote, kama Mzee alivyonionyesha. Chini, pale panapokanyaga sakafu, sigusi. Hapo pako.

Lala salama, mama yangu. Ndimu siku hizi tunakamulia samaki tu.

Mwanao,
Mama Asha