Mahali Ulipoegemea Barafu

Baba,

Nimeenda bila wewe. Naanza na hilo ili nisikufiche: nina hasira nawe.

Miaka yote ile, ukirudi kutoka ghala la dagaa Bangwe, nilikuomba twende Kilimanjaro, ulikobebea wageni mizigo ujanani. "Mwakani, Rehema," ulisema. "Barafu haikimbii." Kisha ukanielewesha kwa magunia: theluji ikiangukia theluji, ya chini inashindiliwa kama dagaa wa gunia la chini kabisa, hadi inakuwa barafu ngumu. Ikishakuwa nzito inatambaa kuteremka, polepole, ikikwangua mwamba na kusukuma mawe mbele yake. Sasa nawafundisha hivyo hivyo kidato cha tatu hapa Gungu, na wanaelewa kuliko kwenye kitabu.

Likizo ya Juni, miezi minne baada ya kukuzika, nilipanda. Nilibeba ile picha yako, umeegemea ukuta wa barafu unaokuzidi kimo mara mbili. Kiongozi wetu, mtu wa makamo, aliitazama sana, akanipeleka mpaka pale. Baba, hapakuwa na kitu. Changarawe, rundo la mawe, mwamba wenye mikwaruzo. Nikamuuliza kama amekosea njia.

"Sijakosea, dada. Ukuta ulikuwa hapa."

Akanionyesha ukuta uliosalia, mbali huko juu. Dunia imepata joto, alisema, na theluji inayoanguka haitoshi kurudisha inayopotea.

Nilikaa kwenye yale mawe nikalia, na si kwa huzuni tu. Ulikuwa na miguu mizima. Mimi nilikuwa na nafasi. Tulingoja nini?

Shule ilipofunguliwa, mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini wasome kitu kinachoisha. Nikamfokea mbele ya wenzake. Kesho yake nilimwomba radhi, kwa sababu swali hilo lilikuwa langu pia.

Mama ananiambia nikusamehe. Siku nyingine naweza. Siku nyingine nikipita Bangwe nakasirika upya.

Mdogo wangu Sauda anamaliza shule Novemba. Desemba nampeleka, apande mpaka aweke kiganja chake kwenye barafu iliyobaki. Hilo nakuahidi, na siliahirishi.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na bado nimekasirika.

Mwanao,
Rehema