Maji Yaligeuka Rangi na Mimi Nikaendelea Kufua

Jumapili jioni, Kitengela. Jua limewaka tangu asubuhi na hapa mtaani halijadondoka hata tone. Nimeoga mara mbili na bado masikio yangu yana mchanga. Nisameheni nikikosea herufi.

Leo Mwende nusura afe mbele yangu.

Mwende ni wifi yangu, mke wa ndugu yangu mdogo. Ametoka Machakos mwezi jana, anakaa kwangu na bado anajifunza mtaa wetu. Mfereji umekauka wiki ya pili sasa, na maji ya kisima cha jirani yana chumvi, sabuni haitoi povu. Kwa hivyo tulipotoka kanisani nilimwambia twende mtoni tukafue blanketi mbili na kapeti ya sebuleni, ile niliyoachiwa na mama.

Mto wenyewe saa hizo ulikuwa mchezo wa watoto. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, safi kabisa, unaona mpaka kokoto za chini. Kingo ndizo ndefu, zinampita mtu kimo. Hilo sikulifikiria. Nimefua hapo miaka sita.

Mama Simaloi alitupata tukipaka sabuni. Ni jirani yetu Mmaasai, boma lake liko ng'ambo, na alikuwa anarudisha mbuzi nyumbani. "Takwenya," alitusalimia. Nikamnong'oneza Mwende ajibu "Iko," akajibu kwa haya, sote tukacheka. Kisha Mama Simaloi akatazama upande wa Ngong, ambako milima ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi.

"Huko imenyesha sana," akasema. "Musikae hapa."

"Lakini ni mbali, mama. Hapa ni jua tu."

Akaenda na mbuzi wake juu kidogo, mahali wanapovukia.

Sasa niandike nilichokiona, kwa sababu nilikiona.

Kwanza lilikuja povu. Povu jembamba la rangi ya udongo, likielea kati ya miguu yetu. Nikasema moyoni ni sabuni yetu. Lakini sabuni yetu ilikuwa inateremka, na lile povu lilitoka juu.

Halafu maji yakawa baridi, ghafla, kama mtu amefungua friji. Yakabadilika rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Mwende akainua kichwa.

"Dada, mbona maji imegeuka?"

"Ni ng'ombe wanakunywa huko juu," nikamjibu. "Suuza hiyo blanketi tumalize."

Alinitazama kidogo, akainama tena. Mimi ndiye mwenyeji. Angenibishia vipi?

Yakaanza kupita majani makavu, vijiti, na mavi ya mbuzi. Jiwe nililowekea sabuni, lililokuwa kavu tulipofika, likalowa. Unajua nilifanya nini? Nikachukua sabuni nikaiweka kwenye jiwe la juu zaidi.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Simaloi. Alikuwa anakimbia ukingoni kuja kwetu, fimbo mkononi, shuka imemtoka begani. "Tokeni! Tokeni! Mto inakuja!"

Nikapanda ukingo kwa magoti na kucha. Nilipofika juu nikageuka. Mwende alikuwa nyuma yangu, mikono mitupu, anaanza kupanda.

Nikamwambia, "Kapeti! Kuja na kapeti!"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Akarudi. Kapeti iliyolowa ni nzito kama maiti, na alikuwa akiivuta kwa mikono miwili wakati ule mlio ulipotufikia. Sikuwahi kujua maji yanaweza kunguruma kama lori la kokoto. Yalikuja kwenye kona yakiwa ukuta wa matope, matawi na mti mzima mbele yake. Mguu wa Mwende ukateleza. Kapeti ikaenda. Yeye akashika mzizi wa mgunga uliochomoza ukingoni, maji yakimvuta kiunoni, halafu kifuani.

Mama Simaloi alilala kifudifudi akanyoosha fimbo yake. "Nishike miguu!" akanifokea. Nikamkalia miguu. Mwende akashika fimbo kwa mkono mmoja, akakataa kuachilia mzizi kwa ule mwingine, na Mama Simaloi akawa anamwambia taratibu, kama anayebembeleza mtoto, "Wacha hiyo. Wacha. Mimi niko na wewe." Akaachilia. Tukavuta.

Tulibaki chini sisi watatu, tukihema. Jua bado linawaka.

Kisha Mama Simaloi akasimama akatazama pale pa kuvukia, na hapo ndipo nikaelewa. Alikuwa amewaacha mbuzi katikati ya mto ili atukimbilie. Wengine walikuwa wamefika ng'ambo, wanalia. Akawahesabu kwa macho. Watatu hawakuwepo. Mmoja alikuwa na mimba.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Asingeweza kuvuka, kwa hivyo tulikuja naye kwangu. Nikapika chai. Mwende alijifunika shuka la kitanda, meno yanagongana. Mama Simaloi alishika kikombe bila kunywa, akaniuliza bila hasira, anataka kujua tu:

"Mama Njeri, hiyo maji haikuwaonyesha kitu? Huwa inaonyesha."

Nikasema, "Hapana, mama. Ilikuja tu."

Mwende aliinua macho akanitazama. Kisha akayarudisha kwenye kikombe chake. Mpaka sasa hajasema neno, si kuhusu rangi ya maji, si kuhusu kapeti.

Mama Simaloi akatikisa kichwa polepole. "Basi imebadilika," akasema. "Nitawaambia wale wengine wasiiamini tena."

Tangu aondoke kwenda kuzungukia darajani kule mbali, maneno hayo hayajaniacha. Anakwenda kuwaambia watu wake kwamba mto haufai kusomwa, na sababu ni uongo wangu. Mama wa watu ameokoa wifi yangu, amepoteza mbuzi watatu, na mimi nimemrudisha nyumbani na elimu mbovu.

Wanasema maji yatakuwa yameshuka kukikucha. Nitavuka. Nitamwambia kuhusu povu, baridi, rangi, vijiti na lile jiwe, moja baada ya jingine. Lakini kabla ya hapo kuna mlango mmoja wa kubisha humu humu ndani. Taa ya Mwende bado inawaka.

Naenda.