Saa Tatu Bila Umeme

Jumatatu, 9 Septemba 2013

Nimefungua duka saa mbili. Nimefuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi. Nimechapa barua tatu, CV mbili na kadi za mchango wa harusi. Mama Shani, mwenye duka, alikuwa stendi anapokea mzigo wa karatasi.

Saa tano meseji imeingia. Nimeitwa kwenye usaili! Ule mradi wa takwimu za kilimo nilioombea kazi. Wanataka watu wanne wa kuzunguka vijijini kuwahoji wakulima na kuingiza majibu kwenye kompyuta hapo hapo. Usaili ni Jumamosi tarehe 21, Munanila. Kila mtu aje na kompyuta yake, iweze kukaa saa tatu bila umeme. Kompyuta ninayo!

Nimeruka. Mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Baba ameshasema: mwezi huu ukiisha sina kazi ya maana, nirudi Kibondo tukalime. Kuchapa barua za watu hahesabu kuwa kazi.

Saa tisa umeme wa Kasulu umekatika. Kompyuta yangu ikazima papo hapo, kama taa. Hata dakika moja haikukaa.

Sikujua. Tangu niinunue Julai imekaa hapa dukani, imechomekwa ukutani kutwa nzima, na umeme ulikuwa haujawahi kukatika ikiwa inawaka.

Jumanne, 10 Septemba

Ninachojua mpaka sasa. Ikichomekwa inafanya kazi vizuri. Ikichomolewa inazima. Alama ya betri inasema asilimia sifuri, imechomekwa, haichaji.

Kanuni yangu ni ile ya maabara ya sekondari: badilisha kitu kimoja, andika, ndipo ubadilishe kingine.

Nimebadilisha soketi. Sifuri. Nimeacha ekstensheni, nimechomeka moja kwa moja ukutani. Sifuri. Nimetoa betri, nimesafisha meno yake kwa pamba na spiriti, nimesubiri ikauke, nimerudisha. Sifuri.

Siogopi bado. Zimebaki siku kumi na moja.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeipeleka kwa fundi wa simu karibu na soko. Amepima ncha ya chaja kwa mita yake. Volti kumi na tisa na nusu, sawa na ilivyoandikwa kwenye chaja.

"Chaja nzima," akasema. "Betri ndiyo marehemu, dada. Mwombee, tuagize nyingine Dar."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Mbili kama dereva ni shemeji yangu."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nimerudi dukani kwa hasira, nimekosea barua ya mtu mara mbili.

Jioni baba amepiga simu. Shamba la bondeni limeshasafishwa, anasubiri mvua tu. Sikumwambia habari ya usaili. Nikishindwa, heri asijue.

Alhamisi, 12 Septemba

Wateja wengi. Sikugusa kitu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepata!

Nilikuwa nimeamua kuandika kila hatua ya kuwasha kompyuta na kila ninachokiona, bila kuruka kitu. Hatua ya kwanza, chomeka. Hatua ya pili, bonyeza kitufe cha kuwashia. Hatua ya tatu, bonyeza F1.

Nikasimama hapo. Kwa nini F1?

Kwa sababu Bwana Hemedi, aliyeniuzia, alisema: "Ikija ile Kiingereza yake bonyeza F1 itapita. Ndiyo tabia yake." Nimebonyeza F1 kila asubuhi kwa miezi miwili. Mama Shani anabonyeza. Hata mteja mmoja niliwahi kumwambia, bonyeza F1 kaka, itapita.

Leo sikubonyeza. Nimenakili ile Kiingereza neno kwa neno kwenye daftari, kisha nikaisoma. Inasema haiitambui chaja iliyochomekwa. Inasema betri haitachajiwa.

Haijasema betri imekufa! Tangu Julai inaniambia kila siku ugonjwa wake na mimi naifunga mdomo. Nimesoma Kiingereza miaka minne.

Nimeona aibu sana. Kisha nimecheka peke yangu mpaka Mama Shani akatoka stoo kuniangalia.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimechunguza ncha ya chaja kwenye mwanga. Ni ya duara, na katikati ina sindano nyembamba. Sikuwahi kuiona. Mita ya fundi ilipima umeme, na umeme upo. Lakini sindano hii ni ya kazi gani?

Nimewasha na kuzima mara kumi na mbili. Kila mara nimekunja waya sehemu moja tu. Karibu na ukuta, ile Kiingereza imekuja. Katikati, imekuja. Karibu na ncha, nikiukunja kushoto na kuushikilia kwa kidole: haikuja! Taa ndogo ya pembeni ikawaka. Sijawahi kuiona ikiwaka. Asilimia moja!

Nikaachia kidole. Taa ikazima.

Nimemwita Mama Shani aone. Nikakunja tena. Ikawaka.

"Sasa Oliva," akasema, "utaishikilia hivyo hivyo mpaka Munanila?"

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani akili haikutulia. Nilikuwa nawaza waya.

Fundi wa sokoni nimemwonyesha. Amekataa kuukata, anasema nyaya nyembamba hivyo hazina garantii. Mama Shani anamjua mzee mmoja Mkongo anayetengeneza redio kwenye soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kesho ni siku ambayo sisi wa nje tunaruhusiwa kuingia sokoni. Mama Shani amenipa ruhusa ya asubuhi.

Jumatatu, 16 Septemba

Fundi anaitwa Papa Eliya. Miwani imefungwa kwa uzi. Hakutumia mita. Ameipapasa chaja kwa vidole, macho amefumba, akafika pale pale nilipoweka alama ya kalamu.

"Mama, hii shajere iko na fil tatu," akasema. Nikaelewa anamaanisha chaja na nyaya zake. "Mbili zinaleta kura, ule umeme. Ile kadogo ya katikati njo inaongea na mashini. Inaiambia, miye ni wako. Sasa imekatika, mashini inaogopa mugeni."

Ikiogopa mgeni, inakubali umeme wa kuwaka tu, betri haiilishi. Nimeelewa yote kwa mara moja. Nilitaka kumkumbatia.

Ameukata waya kwa wembe. Ndani, uzi mmoja mwembamba kama unywele ulikuwa umekatika. Hiyo tu! Kabla hajachomelea niliogopa. Akikosea sina chaja kabisa, na kompyuta haitawaka hata ukutani. Nilimwomba aniache nipulize vumbi kwanza. Akasema, "Mama, pumua wewe kwanza."

Nimerudi mbio. Nimechomeka. Hakuna Kiingereza. Taa imewaka. Sikushika kitu, mikono nimeiweka nyuma.

Saa kumi na moja jioni: asilimia mia.

Jumanne, 17 Septemba

Saa mbili asubuhi nimechomoa. Nimechapa kazi za wateja kama kawaida. Imezima saa nne kasoro dakika kumi.

Saa moja na dakika hamsini. Wanataka saa tatu.

Betri ni ya mtumba na imechoka, hilo haliwezi kuchomelewa.

Jumatano, 18 Septemba

Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Leo nimepunguza mwanga wa skrini mpaka mwisho. Saa mbili na dakika thelathini na tano!

Jumla ya dakika arobaini na tano zilikuwa zinaliwa na mwanga. Mama Shani anasema nitapofuka. Nimemjibu nitapofuka nikiwa na kazi.

Alhamisi, 19 Septemba

Mwanga chini, na intaneti isiyo na waya nimeizima. Haina kazi hapa, ilikuwa inatafuta tu mtandao usiopo. Nimekaa mbele ya kompyuta na saa ya ukutani. Saa mbili na nusu, bado. Saa mbili na dakika hamsini, bado. Mteja ananisemesha, simsikii.

Saa tatu na dakika kumi na mbili!

Nimepiga kelele. Mama Shani naye akapiga kelele, na hajui tunashangilia nini.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimechaji mpaka mia na kuizima. Sitaiwasha tena leo hata kwa dawa. Nimeifunga kwenye kitenge kwa ajili ya vumbi.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeondoka alfajiri, nimerudi jioni. Nimechoka lakini lazima niandike.

Tulikuwa saba, darasani, kila mmoja na mkulima wake wa kuhoji. Tumeanza saa nne kamili. Chaja zote tumeambiwa tuziweke kwenye meza ya msimamizi.

Nilipewa mzee wa makamo, mkulima wa kahawa. Nikamwamkia, "Mwakeye," akafurahi. Anajibu Kiha tupu, haraka, mimi natafsiri na kuandika. Kila baada ya swali natazama pembeni ya skrini. Sabini na moja. Sitini na nane. Mwishowe akaniuliza, "Binti, huyo anayekaa pale pembeni ni nani? Unamtazama kuliko unavyonitazama mimi."

Darasa zima likacheka. Uso ukaniwaka moto. Nikabandika kipande cha karatasi juu ya ile namba nikamwangalia yeye.

Hapo ndipo alipoanza kuzungumza kweli. Kahawa iliyokauka, mbegu alizochanganya, kwa nini shamba la juu aliliacha. Niliandika kurasa nne. Nilisahau saa.

Kompyuta mbili zilizima kabla ya muda. Moja ilikuwa mpya, nyembamba, nzuri sana. Kijana wake alitoka nje.

Saa saba msimamizi akasema basi. Nikabandua karatasi. Asilimia sita.

Msimamizi hakuitazama hata hiyo namba. Alikuwa anasoma nilichoandika kuhusu shamba la juu.

Jumatatu, 23 Septemba

Kimya. Nimechapa barua. Nimetazama simu kila dakika kumi, sioni haya kuandika hivyo.

Jumanne, 24 Septemba

Meseji imekuja saa tatu asubuhi. Nimepata. Naanza tarehe moja, Munanila kwanza, halafu Muyama.

Sikuruka. Nilikaa tu. Mama Shani alinishika bega akaenda kuhudumia wateja mwenyewe.

Mchana nilimpigia baba nikamwambia yote, tangu mwanzo. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia kuku wa pale nyumbani. Nikajiandaa kusikia habari ya shamba.

"Na huko Munanila utalala wapi?" akauliza.

Sikuwa nimefikiria.

"Mama yako ana shangazi aliyeolewa upande ule," akasema. "Ngoja nikamuulize jina."

Sasa jioni. Upepo kidogo, vumbi limetulia. Nasubiri simu yake.