Tulivyoishangilia Sauti ya Kokoto

Mlango 4C,
Barabara ya Tinton,
Bronx, New York.
Jumapili, 3 Machi 2019.

Mpendwa binamu Lucius,

Salamu nyingi kutoka Bronx, na pole kwa baridi ya huko Alaska, maana hata hii yetu ya Machi imenikunja vidole. U hali gani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Na Marguerite, bado anafundisha? Watoto nadhani wana watoto wao sasa, nami ningepishana nao njiani nisiwajue. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Ngazi za jengo hili zinayamaliza, na lifti ni ile ile unayoijua, siku mbili inafanya kazi, siku tano inapumzika.

Mama yako, Mama mkubwa Odessa, anakula, analala na anagombana na kila mtu, kwa hiyo mshukuru Mungu. Yeye ndiye aliyenipa anwani yako. Aliitoa ndani ya Biblia akaniambia, "Mwandikie, lakini usimbembeleze. Huyo nimemzaa mimi. Ukimbembeleza anakaza shingo." Basi sibembelezi. Nasema tu.

Mdogo wangu Roosevelt anaumwa, Lucius. Ni saratani ya koo, na imekaa kwenye kikoromeo penyewe. Madaktari wanasema njia iliyobaki ni kukitoa chote, na kikitoka, sauti inatoka nacho. Atapumua kwa tundu la shingoni na hatasema tena neno kwa kinywa chake. Asipofanyiwa upasuaji, atakufa. Hii ni wiki ya sita anakataa.

Unaijua sauti ile kuliko sisi sote. Tangu ana miaka kumi na sita ilikuwa inakwaruza, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Kokoto, na dunia ikafuata. Mikwaruzo hiyo aliitunza. Kabla ya kuingia studio alivuta sigara tatu mfululizo, akisema zinaitia sauti uzito. Siku zake za kuzaliwa watu hawakumletea keki, walimletea sigara. Mimi mwenyewe, alipotimiza miaka hamsini, nilimnunulia boksi zima nikalifunga kwa utepe mwekundu.

Miaka miwili iliyopita sauti ikaanza kuwa nzito zaidi. Mtu mwingine akipwelewa na sauti, nyumbani kwao watamwambia nenda hospitali. Yeye alipopwelewa, tulimpigia makofi. Alitoa albamu, ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, na redioni wakasema mzee ameiva. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati kanda zake zinauzwa walimsimamisha barabarani wakimwomba awasalimie tu, wairekodi salamu hiyo kwenye simu zao. Nami nilimwambia kwa mdomo wangu huu, "Rosi, hujawahi kuchana mistari ya rapu hivi tangu uzaliwe." Kumbe nilikuwa nausifu uvimbe.

Sikukuu ya Shukrani alishindwa kumeza mkate wa mahindi. Akausukuma kwa maji, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama mkubwa akamwambia, "Tafuna, mwanangu, hakuna anayekufukuza." Meza nzima ikacheka. Mungu atusamehe kicheko kile.

Kwa daktari nilikwenda naye. Ni mwanamke mdogo, mpole, hana haraka. Akamweleza yote, mpaka picha ya lile tundu akamwonyesha. Roosevelt akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mama daktari, unajua mimi nafanya kazi gani?"

"Wewe ni mwanamuziki."

"Siimbi. Sipigi gitaa. Mimi naongea tu. Zaidi ya miaka arobaini naongea. Sasa ukiniondolea kuongea, huyo utakayemrudisha nyumbani ni nani?"

"Ni mtu aliye hai," daktari akasema.

Mimi niliona jibu limetosha. Yeye alichukua kofia yake akatoka. Nilimfokea kuanzia kwenye korido mpaka kituo cha treni. "Babu mzima, unataka kufa kwa ajili ya maiki?" Akaniambia, "Erne, shusha sauti. Wewe unayo ya kuchezea." Nikamwambia aandike basi, kama anachohofia ni mashairi yake, maana unajua hajawahi kuandika hata mstari mmoja, ninyi wawili mlikuwa mkiwacheka wanaopanda jukwaani na daftari. Akasema yaliyomo kichwani mwake ni ya kusemwa, na akinyamazishwa yatakuwa yamezikwa naye yuko hai. Sikio la kufa halisikii dawa.

Najua alichokufanyia, na sitaki ufikiri nimesahau. Wewe ndiye uliyekuwa DJ wake, ukaunga umeme kwenye nguzo ya taa ya barabarani ili mpige muziki. Wewe ndiye uliyezisukuma spika kwa toroli la dukani kutoka hapa mpaka uwanja wa Crotona, mvua na jua. Halafu mwaka 1986 watu wa kampuni ya santuri wakamwambia jalada linataka uso mmoja, naye akakubali. Jina lako likawekwa nyuma kwa herufi ndogo kama sisimizi, chini ya shukrani kwa kinyozi. Alipaswa kukuambia. Hakukuambia, ukaja kuliona kwenye dirisha la duka Barabara ya Fordham, mbele za watu. Kama ni mimi ningehama pia, ingawa labda si mpaka Alaska.

Kama unafikiri alineemeka baada yako, sikiliza. Alikwenda Ujerumani na Japani na mtu mwingine kwenye mashine zako, kisha na muziki wa kanda bila DJ, kisha hakuna aliyemwita. Miaka tisa alikuwa mlinzi wa mlango wa shule, watoto wakimwita "mzee wa funguo" na hawajui ni nani. Akarudi jukwaani katika zile shoo za wakongwe, wanane kwa bei ya mmoja, kila mtu dakika kumi. Hakulalamika. Alisema dakika kumi zinatosha kwa anayejua la kusema.

Sasa sikia kwa nini nakuandikia wewe. Sheria yenu ya uwanjani ilikuwa moja. Mwenye maiki anaweza kumbishia yeyote, polisi, mama yake mzazi, lakini DJ akiinua sindano kwenye sahani ya santuri, mwenye maiki anashuka na habishi. Nilikuwepo siku ile jamaa wa Barabara ya Jerome alipofungua koti kuonyesha alichobeba kiunoni, naye Roosevelt, mpumbavu yule, anaendelea kuutania ukoo mzima wa jamaa huyo. Tulipiga kelele ashuke, hakusikia. Wewe ukainua sindano tu. Alishuka katikati ya mstari kama mtoto aliyeitwa kula.

Hajamtii mtu mwingine tangu siku hiyo. Marehemu Mama alimlilia, wake wawili walimlilia, mimi nimemlilia. Mwandikie au mpigie, umwambie ashuke. Hujamsamehe, sawa. Mwambie na hasira zako hizo hizo, zitamfaa zaidi kuliko huruma yetu.

Jumatatu, 11 Machi.

Lucius, barua hii ilitakiwa iwe mikononi mwako sasa. Niliifunga Jumapili ile ile, nikaitia stempu, kisha nikaiacha juu ya friji wiki nzima. Niliona haya. Nilijiambia sisi kina Gadsden tulikudhulumu ulipokuwa na faida, na leo tunakutafuta kwa sababu tuna shida. Nimeifungua tena ili niongeze haya, na yale ya juu sikuyafuta, uyaone jinsi nilivyochelewa.

Jumamosi mchana kituo cha jamii cha Barabara ya Prospect kilimfanyia sherehe. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Alipanda na suti ya michezo nyeupe, taulo begani, mwembamba kuliko maiki yenyewe, na wimbo wa kwanza aliumaliza. Sauti ilikuwa ya kutisha, na watu wakawa kama wamepagawa.

Wimbo wa pili, ubeti wa pili, akaanza kukohoa. Akaziba mdomo kwa taulo, na alipoliondoa lilikuwa jekundu. Hakujua alifiche wapi, akalinyanyua juu. Ukumbi mzima ukalipuka! Watu wakavua skafu zao, wakatoa leso, wakazipunga hewani kumjibu. Walifikiri ni sehemu ya shoo.

Akajaribu kuendelea, hakuna kilichotoka. Akawageuzia watu maiki, na watu mia sita wakamchania ubeti wake mpaka mwisho, neno kwa neno, bila kukosea hata pumzi. Yeye amesimama pale, mdomo wazi, anatafuta hewa. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti. Mama mmoja kando yangu, simjui, akanishika bega, "Usilie, dada! Mzee bado moto!"

Nilipanda jukwaani kwa magoti haya haya. Alinidondokea.

Hospitali daktari yule yule alitukuta. Wakampiga picha upya, akaniita pembeni. Nikaanza kumwomba kabla hajasema. Nikamwambia ampe siku mbili zaidi, kuna binamu yetu Alaska ambaye Roosevelt humsikiliza, nitahakikisha anasaini.

Akaniangalia. "Lakini alishasaini. Alikuja peke yake Ijumaa. Tulimpangia Jumanne. Hakukwambia?"

Jumanne ni kesho, Lucius.

Sasa hakuna Jumanne. Ugonjwa umefika mapafuni na umeuzunguka mshipa mkubwa wa shingo, wakimgusa atafia mezani. Nilimwuliza kama shoo ndiyo imemuua, akasema hapana, yalikuwa yamekwisha kuwa hivyo. Nikamwuliza na kama angekubali siku ile ya kwanza. Hakutaka kunijibu, nikamlazimisha. Akasema, "Wiki sita zilizopita tungekuwa na la kufanya." Wanatoa muda wa wiki chache, labda mpaka Pasaka.

Niliingia kwake nikiwa nimejaa hasira. "Kwa nini hukuniambia umesaini?"

"Ungelia shoo nzima," akasema. "Nilitaka niwaage watu wanacheka."

"Watu gani? Na sisi je?"

Akafumba macho. "Wamesema wananiachia sauti yangu, Erne. Nimewashinda." Akajaribu kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika Mama. Nilimshika kichwa kama nilivyomshika akiwa mdogo.

Kwa hiyo nililokuomba Jumapili ile halina kazi tena. Hakuna wa kumshusha. Alishuka mwenyewe, hatukumwona.

Lakini anakuuliza. Tangu jana anaongea mchana kutwa, polepole, kwa sauti iliyobaki kama upepo chini ya mlango. Anamghania muuguzi mashairi ambayo hata mimi siyajui, na katikati anasimama, "Lu amepiga?" Anajua nilikuandikia, ila hajui kwamba barua ilikuwa juu ya friji, sijathubutu kumwambia. Anasema habari ya lile jalada atakueleza yeye, hataki mtu amsemee. Mimi nilianza kumtetea, akanifukuza chumbani.

Mama mkubwa anakusalimu, na anasema safari hii anaruhusu ubembelezwe. Binti yangu Yolanda, ambaye ulimwacha tumboni, anakusalimu, na Mjomba Thaddeus wa ghorofa ya pili vilevile. Msalimie sana Marguerite na watoto. Mungu akukinge na barafu, akutunzie mgongo wako, na uchungu ulioondoka nao hapa asiufanye urithi wa wanao.

Namba ya simu ya kitandani nimeiandika nyuma ya bahasha, na safari hii naipeleka posta mwenyewe leo hii, kwa njia ya haraka. Ukipiga, muuguzi atamwekea simu sikioni. Kama huna la kusema, usiseme. Wewe shika simu tu. Yeye ndiye atakayesema, na leo bado anaweza.

Wako nikupendaye, ujibu usijibu,
Binamu yako,
Ernestine Gadsden.